Waraka kwa Wanachama: Kabla Hujavuta Dawa ya Maumivu

KWA: Madaktari wa mifugo, maofisa mifugo, wasaidizi wao, na wanachama wenye maduka ya dawa za mifugo
YAH: Matumizi salama ya dawa za kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe

Ndugu wanachama wenzangu,



Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, aliletwa kwangu mbwa wa ulinzi, dume la kilo 30 hivi, akichechemea mguu wa nyuma. Nje palikuwa na foleni ya watu, na vijijini kulikuwa na ng'ombe wananisubiri. Nikapapasa goti, nikaliona limevimba, nikamdunga dawa ya maumivu na kumpa mwenye mbwa vidonge vya siku tano. Sikumuuliza kitu. Siku ya nne alirudi, amembeba mbwa wake ndani ya turubai. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi, tumbo gumu, kinyesi cheusi kama lami. Hapo ndipo nilipouliza, naye akanijibu bila kusita kwamba siku moja kabla ya kuja kwangu mbwa alidungwa sindano kwingine. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa deksamethazoni.

Mbwa alikufa jioni ile. Nilipompasua nilikuta kidonda kimetoboa ukuta wa tumbo, karibu na pale tumbo linapoungana na utumbo. Nilimweleza mwenyewe ukweli wote. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza, maana karatasi ile ilikuwa mfukoni mwake tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikuiulizia.

Nimeona nianze na kisa hicho kwa sababu masika haya nimepigiwa simu na wenzetu watatu, kila mmoja na mnyama wake, na visa vyao vinafanana na changu. Dawa zilikuwa halali. Kwa wawili kati yao hata dozi ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maswali mawili matatu ambayo yangechukua dakika moja.

Dawa ninazozisema mnazifahamu: meloksikamu, fluniksini, ketoprofeni, karprofeni, fenilbutazoni, aspirini, diklofenaki, na ile ibuprofeni ambayo wateja hununua wenyewe duka la dawa za binadamu. Zimo katika kila mkoba wa kazi. Ni dawa nzuri, na sina nia ya kumtisha mtu aziache. Mbele nitaeleza kwa nini naona kuna wanyama tunaowanyima dawa hizi bila sababu. Ninachotaka ni tuzipe heshima ileile tunayoipa dawa ya usingizi, ambayo hakuna anayemdunga mnyama bila kumtazama kwanza.

Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha namna aspirini inavyofanya kazi, na mwaka 1982 akatunukiwa Nobel pamoja na Wasweden Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Mwili ulioumia hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, na hivyo ndivyo vinavyochochea uvimbe, joto na maumivu. Dawa zetu huzuia kimeng'enya kinachovitengeneza. Tatizo ni kwamba prostaglandini zina kazi nyingine za kila siku. Tumboni zinalinda ukuta usiunguzwe na asidi. Kwenye figo, damu inapopungua, zinapanua mishipa ili figo zisikauke. Mnyama mwenye afya na aliyekunywa maji ya kutosha anaweza kupungukiwa na prostaglandini za figo kwa siku moja mbili bila hata kujua. Mnyama aliyeharisha usiku kucha anazihitaji ili figo zake ziendelee kuishi, nasi tunakuja na sindano inayozifunga. Meloksikamu na karprofeni huzuia zaidi prostaglandini za uvimbe kuliko zile za tumbo, na kwa hiyo ni afadhali kwa tumbo, lakini kwa figo hakuna hata moja kati ya hizo iliyo na msamaha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni maji. Vuta ngozi ya shingo uone inarudi kwa haraka gani. Weka kidole kwenye ufizi, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Tazama macho kama yamedidimia. Muulize mwenyewe: amekojoa leo? Amekunywa? Ametapika mara ngapi? Mtoto wa mbwa mwenye parvo, anayetapika na kuharisha damu, asiguswe na dawa hizi hata kama joto limepanda na mwenyewe anakusihi ushushe homa. Ndama anayeharisha, ng'ombe aliyeswagwa siku mbili wakati wa kiangazi kutafuta maji, punda aliyeshushwa mzigo sasa hivi baada ya safari ndefu, wote hao dawa yao ya kwanza ni maji, ya mdomoni au ya dripu. Ukisharudisha maji, mnyama akakojoa, ndipo ufikirie maumivu. Na ikiwa tayari yuko kwenye jentamaisini, ambayo nayo hula figo, au kwenye furosemidi inayomkojoza, tahadhari iongezeke maradufu. Mnyama mzee mwenye figo au ini bovu vilevile. Na anayefanyiwa upasuaji huku shinikizo lake la damu hulijui, ni salama zaidi kungoja azinduke na dripu yake imeingia.

Swali la pili ndilo lililomuua mbwa wangu: amepewa nini tayari? Hapa naomba tuambiane ukweli, maana desturi tuliyoizoea ni mbaya. Mteja haridhiki mpaka aone sindano, na akiona mbili anaridhika zaidi. Basi tunavuta oksitetrasaiklini, tunaongeza deksamethazoni, tunaongeza dawa ya maumivu, tunamalizia na vitamini, na mnyama anasimama siku hiyohiyo. Kesho tunasifiwa kijiji kizima. Kinachotokea ndani hatukioni. Deksamethazoni inakausha prostaglandini kwenye chanzo chake, na dawa ya maumivu inafunga zile chache zilizobaki, kwa hiyo ukuta wa tumbo unaachwa wazi kabisa. Kwa mbwa na paka vidonda vya namna hiyo hutoboka bila dalili kubwa hadi siku ya mwisho. Ng'ombe naye hupata vidonda katika tumbo la nne, isipokuwa yeye hana namna ya kutapika damu utambue. Tena msisahau kwamba deksamethazoni kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa huitoa mimba yenyewe.

Kanuni ni fupi: steroidi kama deksamethazoni na dawa hizi zisikutane, wala dawa mbili za kundi hili zisitolewe pamoja. Ukitaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine kwa mbwa au paka, acha siku tano hadi saba katikati. Najua siku hizo ni ndefu kwa mnyama anayeumia. Kuna njia za kumsaidia huku ukisubiri: dawa ya ganzi kwenye eneo husika, maji baridi juu ya uvimbe mpya, kumfungia apumzike, tramadoli kwa wenye kibali cha kuitunza. Haviponyi kila kitu, lakini havitoboi tumbo.

Uzito ni jambo la tatu, na hapa sitakaa sana kwa kuwa kila mmoja wetu alifundishwa. Ila wangapi tuna mizani? Mbwa wa mtaani unayemkisia kilo 20, ukimpandisha mizani unamkuta na 13. Ng'ombe wa kienyeji ana uzito mdogo kuliko umbo lake linavyoonyesha kwa mbali. Utepe wa kifuani hauna bei kubwa, uwe mkobani. Kwa mbwa mdogo au paka, mwenyewe apande mizani ya bafuni akiwa amembeba, kisha apande peke yake, utoe.

Na hesabu hiyo ifanywe pamoja na kusoma nguvu ya dawa kwenye chupa. Meloksikamu ya ng'ombe kwa kawaida ni miligramu 20 kwa mililita. Ya mbwa na paka ni miligramu 5 au chini yake. Paka wa kilo 3 kwa dozi ya sindano moja ya miligramu 0.2 kwa kilo anahitaji miligramu 0.6. Kwenye chupa ya ng'ombe hiyo ni mililita 0.03, tone ambalo bomba zetu haziwezi kulipima. Mtu anayesema "nitamwekea nusu mililita tu" amemwekea miligramu 10, karibu mara 17 ya anachohitaji. Mmoja wa wale watatu walionipigia simu alifanya hivyo, kwa nia njema, kwa sababu chupa ndogo ilikuwa imemwishia. Ikiisha, mwambie mteja imeisha.

Nikae kidogo kwa paka, maana kwao tunakosea kuliko kwa mnyama mwingine yeyote. Ini la paka lina udhaifu wa kuzaliwa nao: ile njia ya kufunga dawa na asidi ya glukuroni ili itoke kwenye mkojo haifanyi kazi vizuri. Aspirini ambayo mbwa huipunguza nusu kwa takribani saa 8, kwa paka huchukua karibu saa 40. Ukimrudishia kesho yake kama unavyomrudishia mbwa, unarundika. Parasetamoli ni balaa zaidi. Si ya kundi hili hasa, lakini wateja wetu hawatofautishi, na ndiyo iliyo kwenye kila droo ya nyumba. Watatuambia: "Daktari, nilimpa robo tu, kama ninavyompa mtoto." Robo ya kidonge cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 3 ni zaidi ya miligramu 40 kwa kilo, wakati dalili za sumu zimeonekana hata kwenye miligramu 10. Damu yake inageuka rangi ya kahawia na haiwezi tena kubeba oksijeni. Fizi zinakuwa na rangi ya udongo, uso na nyayo vinavimba, anahema mdomo wazi. Dawa yake ni N-asetilisisteini, ileile inayotumika kwa binadamu waliomeza parasetamoli nyingi: miligramu 140 kwa kilo kwanza, kisha 70 kila baada ya saa chache, na apewe hewa ya oksijeni kama ipo. Muda ni mfupi. Kila mwenye kituo ajue leo, kabla hajaletewa paka huyo, ataipata wapi.

Kuhusu meloksikamu kwa paka, mamlaka za dawa hazikubaliani. Mwaka 2010 mamlaka ya Marekani iliagiza onyo zito liwekwe kwenye lebo, kwamba kurudia dozi kwa paka kumehusishwa na figo kufa na vifo. Ulaya inaruhusu dozi ndogo ya kila siku, miligramu 0.05 kwa kilo, kwa paka wazee wenye viungo vinavyouma. Pande zote mbili zina sababu. Ushauri wangu kwetu sisi, ambao wengi hatuna mashine ya kupima kreatinini, ni sindano moja baada ya upasuaji, kwa paka mwenye maji mwilini, basi. Mwenye uwezo wa kupima damu na mkojo kila baada ya muda anaweza kwenda njia ya Ulaya, na amweleze mwenye paka hatari zake.

Kwa mbwa, ibuprofeni na diklofenaki za binadamu zisiandikwe wala zisikubaliwe. Kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo 10 ni miligramu 40 kwa kilo, na tumbo la mbwa linachubuka kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Tuna karprofeni, miligramu 4.4 kwa kilo kwa siku, na meloksikamu, 0.2 siku ya kwanza kisha 0.1. Ziende na chakula. Na kila anayeondoka na vidonge aambiwe mambo ya kutazama: akiacha kula, akitapika, akiharisha, kinyesi kikiwa cheusi, akinywa maji na kukojoa kupita kawaida, macho yakiwa ya manjano, aache dawa papo hapo na apige simu. Asimalizie dozi. Watu wetu wamefundishwa, na ni vyema, kumaliza dozi ya antibayotiki. Wengi wanadhani amri hiyo ni ya kila dawa. Tuwatofautishie.

Sasa ng'ombe. Hatari anayoipata ng'ombe wa maziwa kutokana na dawa hizi mara nyingi huja kwa mlango mwingine, nao ni homa. Mkulima anapiga simu: ng'ombe hali, joto 41. Anafika mtu, anadunga fluniksini au dawa nyingine ya kushusha homa, saa chache baadaye ng'ombe anashika majani, na mkulima anatuma ujumbe wa shukrani. Siku ya tatu povu linatoka puani. Ilikuwa ndigana kali, na vimelea vilikuwa vinaendelea na kazi yao kwenye tezi wakati sisi tumeridhika na kipimajoto. Papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega kabla ya kudunga chochote. Chukua damu na majimaji ya tezi upake kwenye kioo. Kama ni ndigana kali, tiba ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kilo, mapema. Dawa ya homa inaweza kwenda pamoja nayo, inampa ng'ombe hamu ya kula, lakini iende kama msaidizi, na iandikwe, ili atakayekuja kesho ajue kwamba joto la 38.5 analolisoma limeshushwa kwa dawa. Hayo ni sawa kwa ndigana baridi, kwa homa ya mapafu, na kwa ugonjwa wa kiwele mkali, ambao fluniksini inausaidia sana.

Jambo moja dogo linalosahaulika: msidunge fluniksini kwa ng'ombe anayezaa au aliyezaa muda huu. Huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kukwama. Na iingizwe kwenye mshipa wa damu. Ikidungwa kwenye nyama inachubua na kubaki humo muda mrefu. Kwa farasi, sindano yake ya nyama imewahi kuleta uozo wa misuli unaoua.

Maziwa na nyama. Meloksikamu ya miligramu 20 kwa mililita, kwa lebo za Ulaya, maziwa yasubiri siku 5 na nyama siku 15. Chapa nyingine zina siku zake, someni kila chupa. Najua ugumu uliopo. Mwenye ng'ombe wawili, maziwa yake ni ada ya shule, na ukimwambia baada ya kudunga kwamba amwage, atakuitikia "sawa daktari" na kuyapeleka kwenye kituo cha maziwa asubuhi. Kwa hiyo aambiwe kabla. "Mzee, nikimpa dawa hii, maziwa yake hayauzwi mpaka Jumatano. Tuendelee?" Akikubali kabla, anakuwa mshirika wako. Nimeona wazee wakifunga kitambaa chekundu mkiani ili watoto wasikosee wakati wa kukamua; ni desturi nzuri, ifundisheni.

Fenilbutazoni isiguse kabisa mnyama anayeliwa au kukamuliwa. Ilitumika kwa binadamu tangu mwaka 1949, ikaondolewa kwa matumizi ya kawaida kwa sababu iliweza kuharibu uboho, mahali damu inapotengenezwa, na hakuna kiasi kinachohesabiwa kuwa salama kwenye chakula. Kwa ng'ombe hukaa mwilini siku nyingi: kupungua nusu tu huchukua saa 40 hadi 60. Mwaka 2013, nyama ya farasi ilipokutwa ikiuzwa Ulaya kama ya ng'ombe, mojawapo ya mambo yaliyowatia watu hofu ni kwamba baadhi ya mizoga ilikuwa na dawa hii. Wenzetu mnaotibu punda wa mikokoteni mjue kwamba punda huiondoa fenilbutazoni mwilini haraka kuliko farasi, hivyo dozi ya farasi ya mara moja kwa siku haimtoshi. Lakini msikimbilie kuongeza kiasi. Gawanyeni mara mbili, na mwenye punda aelewe kwamba punda huyo haendi machinjioni.

Nimebakiza diklofenaki, na hapa naandika nikiwa na uchungu. Miaka ya 1990 tumbusi wa India, Pakistan na Nepal walianza kuanguka kutoka mitini wakiwa wamekufa. Nchini India, tumbusi mgongo-mweupe wa Asia alipungua kwa zaidi ya asilimia 99 kati ya mwaka 1992 na 2007. Watu walidhani ni virusi. Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake, wakifanya kazi Pakistan, walionyesha kwamba ndege hao walikuwa wanakula mizoga ya ng'ombe waliodungwa diklofenaki siku chache kabla ya kufa. Figo zao zilisimama na viungo vyao vya ndani vikafunikwa na asidi ya yuriki nyeupe kama chokaa. Sindano ya bei nafuu, iliyodungwa kwa huruma na watu kama sisi, ndiyo iliyowamaliza. Mizoga ikabaki kuoza, mbwa wa kuzurura wakaongezeka, na mwaka 2024 wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria kwamba kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu wapatao nusu milioni India katika muda wa miaka mitano. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, Bangladesh mwaka 2010. Hata baada ya hapo watu walichukua chupa kubwa za binadamu wakawadunga ng'ombe, mpaka mwaka 2015 India ikaamuru chupa za sindano za binadamu ziwe za dozi moja.

Msiseme hayo ni ya Asia. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini yalionyesha kwamba tumbusi mgongo-mweupe wetu, huyuhuyu wa Serengeti, Mara na Ruaha, anakufa kwa diklofenaki kama ndugu yake wa India. Ketoprofeni nayo inamuua. Mwaka 2007 diklofenaki ya mifugo iliripotiwa kukutwa ikiuzwa Tanzania. Na mwaka 2015 tumbusi wetu huyo aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hasa kwa sababu ya sumu zinazotegwa kwenye mizoga kuua simba na fisi. Hahitaji pigo la pili kutoka kwetu. Wafugaji wengi hawaziki ng'ombe wao. Mzoga unavutwa nje ya boma na ndege wanashuka. Wenzetu mlio Monduli, Longido, Narok, Kajiado na Simanjiro mnayaona hayo kila wiki. Meloksikamu imejaribiwa kwa tumbusi, wakiwemo wa Afrika, na haiwadhuru. Gharama yake iko juu kidogo, nami naona tuilipe. Mwenye duka anayeuza diklofenaki ya binadamu kwa mfugaji, akijua inaenda kwa ng'ombe, ajue pia inakoishia.

Nilisema nitarudi kwa wanyama tunaowanyima. Ndama anachomwa pembe akishikiliwa na vijana wanne, anapiga kelele mpaka jirani anakuja, na hatumpi kitu. Fahali anahasiwa hivyohivyo. Ng'ombe anapasuliwa kutolewa ndama, tunampa ganzi ya ubavuni na antibayotiki, halafu tunamwachia maumivu ya siku zinazofuata. Mbuzi aliyevunjika mguu anafungwa miti na kuachwa. Eti wanyama hawa wamezoea. Ng'ombe hujikaza kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Kunyamaza kwake hakumaanishi kwamba haumii. Mtazame anavyosaga meno, anavyokunja mgongo, maziwa yanavyoshuka. Ndama wa kilo 60 akipewa lidokaini kwenye neva ya pembe na mililita moja na nusu ya ile meloksikamu ya miligramu 20, ambayo ni nusu miligramu kwa kilo, analala usiku huo na kunyonya asubuhi. Dawa ileile ambayo tunamwaga ovyo kwa ng'ombe mwenye homa tusiyoijua, tunamkatalia ndama mwenye jeraha tulilomtia wenyewe. Tubadilishe hapo. Kwenye kila kazi ya kuchoma pembe, kuhasi au kupasua, bei unayomtajia mteja iwe pamoja na dawa ya maumivu, isiwe kitu cha kuongezwa akitaka.

Kwenye mkutano wetu ujao nitaomba nusu saa tupitie visa, vya kwangu nikitangulia. Mwenye kisa asione aibu kukileta; jina la mteja lisitajwe. Chupa za diklofenaki zilizobaki kwenye makabati zije siku hiyo, tuzikusanye na kuziteketeza kwa utaratibu unaofaa.

Na kuanzia kesho asubuhi, nawaomba jambo moja. Kila mnyama utakayemdunga dawa hizi, mwachie mwenyewe karatasi: jina la dawa, nguvu yake, kiasi ulichotoa, tarehe, na siku za maziwa na nyama. Na kila mnyama atakayeletwa kwako anachechemea, kabla hujagusa ule mguu, muulize aliyemleta kama ana karatasi mfukoni.

Ndimi mwenzenu katika kazi.